Ulimi wa Bwana Kijana Wamalwa

Wakulima wa mahindi wa Kitale na watu wa Bungoma walimjua marehemu Bwana Michael Kijana Wamalwa kwanza kwa masikio. Alikuwa na sifa ya kuchelewa, hata watu wakingoja mkutanoni walisimuliana maneno yake ya siku zilizopita. Akifika, suti imemkaa sawasawa, alianza kwa kuchekesha, na kwa muda jua lilisahauliwa.

Alizaliwa mwaka wa 1944 huko Sosio, karibu na Kimilili. Alisomea sheria Cambridge, Uingereza, kisha akaifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kiingereza chake kilikuwa safi mno. Lakini elimu hiyo haikumwondolea usemi wa wazee wa Kibukusu, ambao husema jambo zito kwa mafumbo na hadithi.

Mwaka wa 1974 alishindwa katika uchaguzi; mwaka wa 1979 akaingia Bungeni. Alipochaguliwa Saboti mwaka wa 1992 kwa chama cha FORD-Kenya, mapigano yalikuwa yamekwisha kuingia Trans Nzoia: nyumba zilichomwa, na wengi waliyakimbia mashamba yao. Kuichokoza Serikali hadharani wakati huo hakukuwa mzaha. Tena neno la hasira, hata likiwa la haki, lingaliweza kuwagonganisha majirani. Bwana Wamalwa alilivika kicheko, likamchoma mkubwa aliyekusudiwa, naye mwananchi akarudi nyumbani bila kutafuta wa kumpiga. Ustadi huo ni wa wachache.

Hata hivyo kicheko hakiunganishi chama. Mzee Oginga Odinga alipofariki Januari 1994, Bwana Wamalwa alishika uongozi wa FORD-Kenya, na ugomvi wake na Bwana Raila Odinga ukawa mrefu na mchungu, mpaka Bwana Raila akahama pamoja na wafuasi wengi. Katika uchaguzi wa Rais wa 1997, Bwana Wamalwa alikuwa wa nne, nyuma ya Moi, Kibaki na Raila. Si wote waliocheka waliompigia kura.

Mwaka wa 2002 alimwunga mkono Bwana Kibaki, na Januari 2003 akawa Makamu wa Rais. Hakukaa sana. Alifariki London tarehe 23 Agosti mwaka huohuo, mtu wa miaka 58 ambaye bado aliitwa Kijana. Alizikwa Kitale.