Kuziba viungo vya hesi katika springi za hewa

Kuziba viungo vya hesi ni kazi ya kuzuia hewa isivuje pale mabomba ya springi za hewa za basi, lori au gari dogo yanapoungwa. Hesi iliyochongoka, kama ya mfumo wa Marekani uitwao NPT, hubakiza upenyo mwembamba kati ya meno hata ikikazwa. Upenyo huo huzibwa kwa gundi maalumu au utepe wa tefloni. Utepe huzungushwa kufuata upande wa kukaza, na jino la kwanza huachwa wazi, kwani kipande kikikatika huweza kuingia kwenye vali ikashindwa kufunga. Hesi iliyonyooka huzibwa na oringi. Kuiongezea utepe ni kupoteza utepe tu. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni. Usipozibwa, kompresa hufanya kazi mfululizo na huweza kuungua, na gari lililoegeshwa hushuka.