Rolikeji Huanzia Sakafuni

Gari la mbio linapobingirika, paa lake la bati halitegemewi kuubeba uzito wa gari zima. Kinachoubeba ni rolikeji, yaani kizimba cha mabomba ya chuma kinachowazunguka dereva na msomaji ramani. Tangu Safari Rally irudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, vijana wengi wananiuliza bomba gani linafaa. Swali zuri, lakini mimi huanza kuangalia chini, pale bomba linapokutana na sakafu.

Bati la sakafu ya gari la kawaida halifiki hata milimita 1. Ukilichomelea bomba moja kwa moja hapo, siku ya ajali litatoboa na kuzama kama kisigino chembamba kwenye udongo mbichi, na paa litashuka juu ya vichwa. Ndiyo maana kanuni za FIA, shirikisho la magari la kimataifa, katika kifungu cha 253 cha Kiambatisho J, zinataka kila mguu wa upinde mkuu, ule wa nyuma ya viti vya mbele, ukae juu ya bamba la chuma lenye unene wa angalau milimita 3 na eneo la angalau sentimita 120 za mraba, lililochomelewa kwenye bodi. Ukifunga kwa bolti, ziwe tatu au zaidi, angalau za M8, na kichwani ziwe na alama ya 8.8 au zaidi. Bolti isiyo na alama iache dukani. Mimi hupenda bamba likunjwe lipande na ubavuni mwa kizingiti cha mlango, kwa sababu pembe hiyo ina nguvu kuliko sakafu tupu. Rangi, lami na kutu vikwanguliwe hadi chuma king'ae kabla ya kuchomelea.

Bomba lenyewe liwe la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa baridi. Kwa upinde mkuu, angalau kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, na liwe kipande kimoja, likunjwe bila moto. Bomba la maji halifai kabisa: mara nyingi lina mshono, na hakuna anayejua nguvu ya chuma chake.

Kazi inayowashinda mafundi wengi ni viungo vya juu. Kila kiungo lazima kichomelewe mzingo mzima, ila paa linazuia mkono, basi upande wa juu unaachwa wazi na kufichwa kwa rangi. Fundi makini hukata matundu sakafuni chini ya miguu, akakishusha kizimba, akachomelea juu kwa nafasi, kisha akakiinua na kuweka mabamba. Ni kazi ya ziada, na ni haki ya anayekaa ndani kuidai.

Penye uwezekano wa helmeti kugusa bomba, funga sponji maalumu yenye kiwango cha FIA 8857-2001, aina A. Gari lenye kizimba usiliendeshe barabarani bila helmeti. Kichwa kitupu kikigonga bomba, hata ajali ndogo inaweza kuua.

Kabla ya kununua chuma, nenda kwa shirikisho la michezo ya magari la nchi yako, uchukue kanuni za daraja lako na umuulize mkaguzi. Na kizimba chenye cheti kikishapinda ajalini, FIA hairuhusu kukinyoosha. Kinatolewa, kinawekwa kipya.