Je, Wajua? Uwanja wa ndege juu ya ardhi iliyoganda

Je, wajua kwamba uwanja wa kaskazini zaidi duniani wenye ndege za abiria za ratiba uko Longyearbyen, visiwa vya Svalbard, Norwei? Ulifunguliwa rasmi mwaka 1975. Kabla ya hapo bahari ilipoganda meli hazikufika, na wachimba makaa ya mawe wa huko walikaa miezi wakingoja masika. Barua zao ziliangushwa kwa miavuli kutoka angani.

Njia ya kurukia imejengwa juu ya ardhi inayobaki imeganda mwaka mzima. Kazi ngumu si baridi, ni joto: tabaka la juu likiyeyuka kiangazi, lami huinama na kufanya mawimbi, na mafundi hulazimika kurudi kuikarabati. Na miezi ya katikati ya baridi jua halichomozi kabisa, rubani anatua saa sita mchana gizani.

Ukienda huko, usisahau pasipoti, hata ukitoka Oslo, mji mkuu wa Norwei, maana Svalbard iko nje ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani. Nje ya jengo la uwanja kuna kibao kinachoonya juu ya dubu weupe. Mlimani jirani lipo ghala la mbegu za dunia, lililofunguliwa 2008, na mbegu kutoka Kenya zimo.