Barua za Keya kutoka Burma: ni nani hasa aliyeziandika?

Kuanzia katikati ya mwaka 1943, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye beji ya kichwa cha kifaru, ilivushwa bahari hadi Ceylon. Mwaka uliofuata ikaingia Burma kupigana na Wajapani. Askari wake walikuwa vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, na wazazi wao walikaa wakisubiri barua.

Barua hizo zikionekana leo huchukuliwa kuwa ni sauti ya askari mwenyewe. Mimi huzisoma kwa tahadhari zaidi, kwa sababu barua moja ya Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), ilikuwa kazi ya watu kadhaa.

Askari wengi waliandikishwa wakiwa hawajui kusoma. Aliyetaka kuwapa wazee wake habari alimwendea mwenzake aliyepitia shule ya misheni, akamsimulia, naye akaandika kwa mtindo aliofundishwa. Kwanza salamu kwa ukoo mzima, kila mtu kwa nafasi yake, kisha ile kauli tunayoijua sote: mimi mzima wa afya, hofu ni juu yenu. Nusu ya karatasi imekwisha na vita havijatajwa. Msomaji wa leo huona hapo pamepotea bure. Mama aliyesikia akitajwa baada ya baba na kabla ya shangazi hakuona hivyo. Alijua mwanawe bado anakumbuka mpango wa nyumba yao.

Vita vyenyewe visingeweza kutajwa sana hata kwa aliyetaka. Jina la mahali lilikatazwa. Penye anwani paliandikwa namba ya askari, kikosi na posta ya jeshi. Kwa hiyo nyumbani hawakupata kujua kwamba Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14, aliwatuma vijana wao kuteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua za monsuni zikiwa zimepamba moto. Njia ziligeuka tope, magari yakazama, chakula kikawa kinaangushwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Kila siku askari alimeza mbele ya mkubwa wake kidonge kichungu cha mepakrini cha kuzuia malaria. Mwezi Desemba walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na mafundi wa jeshi wakatandika hapo daraja la Bailey la futi 1,154. Kwa mzee aliyeko Songea au Machakos, yote hayo yangeweza kuwa maneno matatu tu: huku mvua nyingi.

Sasa yuko mkaguzi wa barua wa jeshi. Kazi yake haikuwa kufuta siri peke yake. Alisoma pia ili wakubwa wajue askari wana moyo gani, na alipokuta manung'uniko aliyanakili kwa Kiingereza: mshahara usiolingana na wa Mzungu, likizo isiyofika, shamba linalonyemelewa na jirani, mke anayesemwa vibaya. Nakala hizo ziliingia kwenye ripoti, na ripoti zikahifadhiwa. Barua zenyewe zilikwenda vijijini, na huko nyingi zimeliwa na mchwa. Ndiyo maana nyaraka za serikali humwonyesha askari anayelalamika tangu asubuhi hadi jioni. Malalamiko yalikuwa ya kweli, tena ya haki, lakini aliyeulizia ng'ombe na kumsalimia mdogo wake hakuwa na la kumvutia mkaguzi.

Fedha nazo zilijaza karatasi. Askari aliweza kukatwa sehemu ya mshahara ikalipwa kwa jamaa yake kupitia ofisi ya Bwana DC. Imefika? Nani kaipokea? Ikiandikwa kwa jina la baba, mke alibaki kuiomba kwa mkwewe. Na mke asiyejua kusoma alisomewa na mwalimu au kijana wa jirani, hivyo wivu wa mumewe ulisikika hadi nyumba ya pili. Mwanamume mwenye akili alilijua hilo, akapima maneno.

Katikati ya vita jeshi lilianzisha kikosi cha elimu, walimu wake wakiandaliwa Jeanes School, Kabete, na askari wakafundishwa kusoma na kuandika kambini. Pia waliletewa magazeti ya Kiswahili kama Askari na Heshima, yaliyosema yale ambayo wakubwa walitaka yasemwe.

Kama kwenu kuna barua za babu sandukuni, msizitenganishe na bahasha zake, maana muhuri wa mkaguzi na namba ya posta huwa huko. Zipangeni kwa tarehe, kisha mlinganishe mwandiko kabla ya kusoma maneno. Za mwanzo zikiwa na mikono tofauti na za mwisho zote zikiwa na mkono mmoja usiokomaa, wenye herufi kubwa zinazopanda na kushuka, huenda mmefika mahali alipoanza kuandika mwenyewe.