Mpelelezi Mwanamke Anapoingia Kiswahili: Lugha Yetu Inaficha Nini, Inafichua Nini?

Katika makala haya tunajadili aina moja ya riwaya inayofaa sana somo la tafsiri, nayo ni riwaya ya upelelezi ambayo mhusika wake mkuu ni mwanamke. Tumeichagua kwa sababu katika riwaya ya namna hii kila neno linaweza kuwa ushahidi. Mfasiri akifichua jambo mapema mno, fumbo limeharibika. Akificha lisilopaswa kufichwa, msomaji anapotea njia. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili huficha jinsia pale Kiingereza kinapoitaja, na hudai habari za ukoo pale Kiingereza kinaponyamaza.

Neno lenyewe

Nomino mpelelezi inatokana na kitenzi peleleza. Kama mwalimu au mkulima, haielezi kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Wanafunzi wetu huichanganya na maneno jirani. Jasusi hufanya kazi ya siri kwa niaba ya nchi dhidi ya nchi nyingine. Kachero ni mpelelezi wa polisi, na askari kanzu ni polisi anayefanya kazi bila sare. Tunayemzungumzia hapa ana ofisi yake na hulipwa na mteja wake. Tumwite mpelelezi wa kujitegemea.

Ingawa neno halina jinsia, magwiji wa upelelezi katika fasihi yetu wamekuwa nayo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tuliyempokea katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wote ni wanaume. Nuru, mwenzi wa Joram, ni mwanamke jasiri, lakini anayebeba hadithi ni Joram. Sarufi iliwaachia watunzi hao watatu mlango wazi, nao hawakuupitia.

Wanawake walivyoshika usukani

Katika maisha halisi, Kate Warne aliajiriwa na shirika la upelelezi la Allan Pinkerton huko Chicago, Marekani, mwaka 1856. Riwaya za Kiingereza nazo zilikuwa na wanawake wapelelezi tangu karne ya 19. Hata hivyo, mwanamke mpelelezi wa kujitegemea tunayemfahamu leo alipata nguvu katika miaka ya 1970 na 1980. Mwaka 1972, P. D. James wa Uingereza alimleta Cordelia Gray, msichana anayerithi ofisi baada ya mshirika wake kufa. Jina la kitabu hicho, An Unsuitable Job for a Woman, lina maana ya kazi isiyomfaa mwanamke, na hadithi nzima ni jibu la dharau hiyo.

Mwaka 1977, Marcia Muller wa Marekani alimtambulisha Sharon McCone wa San Francisco. Mwaka 1982 wakatokea wawili kwa mpigo: Kinsey Millhone wa Sue Grafton, na V. I. Warshawski wa Sara Paretsky, anayefanya kazi Chicago. Mwaka 1986 Paretsky na wenzake walianzisha chama cha Sisters in Crime, kwa kuwa vitabu vya wanawake havikuwa vikipewa nafasi sawa katika kurasa za uhakiki. Afrika nayo ikaingia mwaka 1998, pale Alexander McCall Smith alipomleta Precious Ramotswe wa Gaborone, Botswana.

Kiswahili kinapoficha

Tumtazame V. I. Warshawski. Majina yake ni Victoria Iphigenia, lakini hujitambulisha kwa herufi mbili tu, na herufi hizo hazimwambii mtu kama anakwenda kuonana na mwanamume au mwanamke. Kwa Kiingereza siri hiyo haidumu. Mara mtu wa tatu anapomtaja kwa kiwakilishi, jinsia imejulikana. Kwa Kiswahili karani anaweza kumwambia mteja, “Mpelelezi amefika, anakungoja ofisini mwake,” na bado hatujui lolote. Msomaji wetu anafungua mlango pamoja na mteja, naye anashangaa pamoja naye. Hapo lugha inamsaidia mtunzi.

Mahali pengine inamwangusha mfasiri. Tuchukue sentensi ya Kiingereza inayoeleza kwamba mwanamume alimfuata mwanamke gizani, kisha mwanamke akageuka na kumpiga risasi. Wanafunzi wengi huandika: “Alimfuata gizani, akageuka, akampiga risasi.” Ni nani aliyepiga risasi? Kwa jinsi sentensi ilivyo, ni yule yule aliyefuata. Muuaji amebadilika, na kosa limefanywa na viambishi viwili tu, a- na -m-. Wanafunzi wetu wa Uganda wanaozungumza Luganda hawaoni kasoro kwa urahisi, maana Luganda nayo haitofautishi jinsia katika viambishi hivyo.

Dawa si kuandika “mpelelezi wa kike” katika kila mstari. Tukifanya hivyo tunadai kwamba mpelelezi halisi ni mwanamume, na huyu ni wa namna ya pekee. Tutumie jina la mhusika, au namna watu wanavyomwita: Bi, Dada, Mama. McCall Smith mwenyewe hutuonyesha njia. Ameliacha neno Mma, ambalo Watswana humwitia mwanamke kwa heshima, likae mbele ya jina Ramotswe. Neno moja linabeba jinsia, heshima na mahali.

Katika ulimwengu wa kantri

Tatizo hili linaonekana vizuri pia katika muziki wa kantri wa Marekani, ambao nyimbo zake nyingi ni hadithi, na baadhi ni hadithi za mauaji. Jimmie Rodgers, mmoja wa waasisi wake, alirekodi mwaka 1929 wimbo wa Frankie and Johnny, unaosimulia mwanamke anayempiga risasi mpenzi wake asiye mwaminifu. Muziki huu si mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nchini Kenya, kwa Wakipsigis, wimbo uitwao Chemirocha, jina linalotokana na jina la Jimmie Rodgers huyo huyo. Mwanafunzi anayefasiri wimbo wa mauaji lazima ajiulize katika kila ubeti: nani ametenda, nani ametendwa?

Marcia Muller aliukutanisha ulimwengu huo na mpelelezi wake katika riwaya ya The Broken Promise Land (1996). Ricky Savage, mwimbaji maarufu wa kantri, anapokea barua za vitisho zisizo na jina la mwandishi, naye anamwendea Sharon McCone. Ricky si mteja wa kawaida. Ni mume wa Charlene, ndugu yake Sharon, na mtoto wao, Mick, anafanya kazi katika ofisi ya Sharon. Isitoshe, ndoa ya Ricky na Charlene inavunjika. Kwa hiyo mpelelezi anaingia katika umaarufu, fedha na siri za mwanamuziki, huku akijua kwamba lolote atakalogundua litaigusa familia yake mwenyewe.

Kiswahili kinapofichua

Hapa mambo yanageuka. Sasa ni Kiingereza kinachoficha, na Kiswahili kinachouliza maswali. Ricky na Sharon ni mashemeji, hapo hakuna shida. Lakini Sharon ni nani kwa Mick? Kiingereza kina neno moja kwa dada wa baba na dada wa mama. Mwanafunzi anayekimbilia kamusi huandika “shangazi.” Neno hilo kwa Kiswahili ni dada wa baba, sawa na ssenga wa Waganda. Msomaji akikuta neno shangazi ataamini kwamba Sharon ni dada yake Ricky. Katika riwaya ambayo ndoa inavunjika, kosa hilo si dogo: limemhamisha mpelelezi kutoka upande wa mke na kumweka upande wa mume! Kila swali analomwuliza Ricky litasomwa kwa maana nyingine.

Jibu sahihi ni mama mkubwa au mama mdogo. Papo hapo Kiswahili kinauliza tena: kati ya Sharon na Charlene, mkubwa ni nani? Mfasiri hana budi kurudi kitabuni kutafuta dalili za umri, kama mpelelezi mwenyewe anavyotafuta ushahidi. Vivyo hivyo Sharon akimtaja Mick: kwa desturi ya Kiswahili, mpwa ni mtoto wa dada kwa mwanamume, lakini mwanamke humwita mtoto wa dada yake “mwanangu.” Neno hilo lina uzito ambao Kiingereza hakiwezi kuutoa.

Kwa walimu

Tunapendekeza zoezi hili kwa wanafunzi wa mwaka wa 2 na wa 3. Wapewe ukurasa mmoja wa riwaya yoyote ya Kiingereza yenye mpelelezi mwanamke. Kwanza wapige mstari chini ya kila kiwakilishi kinachotaja jinsia, kisha waamue ni kipi kiachwe na kipi kifidiwe kwa jina au kwa neno la heshima. Pili, wachore mti wa ukoo wa wahusika kabla ya kuandika sentensi hata moja ya tafsiri. Wakijadiliana darasani, watatambua kwamba kufasiri ni kuchagua, na kwamba kila uchaguzi lazima uwe na ushahidi.

Wanafunzi wenye kipawa cha kutunga nao wana kazi inayowangoja. Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango wametutumikia vizuri. Ni wakati wa mwanamke naye kupewa ofisi, mteja na fumbo la kufumbua, kwa Kiswahili.