Kuchagua Lugha ya Kuiagiza Kompyuta Katika Ofisi ya Chama

Vyama vya msingi vingi sasa vina kompyuta ofisini, lakini kazi kubwa bado hufanywa kwa mkono. Katibu hufungua faili la mapokezi ya mazao la siku, hunakili kilo za kila mwanachama, huziingiza katika jedwali la mwezi, kisha hurudia kazi ile ile kesho yake. Kazi ya namna hiyo huchosha macho, na macho yaliyochoka hukosea. Tarakimu moja ikirukwa, mwanachama amepunjwa jasho lake.

Dawa ya tatizo hili ni skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa mpango katika faili, ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine bila kuchoka. Maagizo hayo huandikwa kwa lugha maalumu, na lugha hizo ni nyingi. Kamati inapochagua, isiulize kwanza ni lugha ipi inayosifiwa zaidi. Iulize ni nani atakayeweza kuisoma skripti hiyo siku ambayo aliyeiandika atakuwa amekwisha kuhama.

Lugha zinazofaa kufikiriwa ni hizi zifuatazo:

Kwanza, Bash. Lugha hii ilitolewa mwaka 1989, na hutumika zaidi katika kompyuta za Linux. Yafaa kwa kazi fupi kama kuhamisha mafaili na kuweka nakala za akiba kila usiku. Lakini hesabu zake zenyewe ni za namba nzima tu, desimali haizijui. Kwa hiyo haifai kwa malipo ya wanachama.

Pili, PowerShell. Ilitolewa na Microsoft mwaka 2006, nayo imo tayari ndani ya Windows. Maagizo yake mengi hukubali kuongezewa neno -WhatIf, na hapo kompyuta hueleza jambo ambalo ingelifanya bila ya kulifanya. Kabla ya kufuta mafaili ya zamani, kinga hiyo ni kubwa.

Tatu, Python. Ilitolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Hupatikana bure, husomeka kwa urahisi, na ni hodari kwa majedwali na hesabu. Katika Windows hubidi kuiweka kwanza, maana haimo.

Nne, VBScript. Ilianza mwaka 1996, na ofisi nyingi ziliizoea. Hata hivyo, mwezi Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaiondoa katika Windows hatua kwa hatua. Chama kisianze kazi mpya kwa lugha hiyo, na skripti za zamani zianze kuhamishwa.

Hata lugha iliyo hai hubadilika. Toleo la 2 la Python lilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Katika toleo hilo, 7 ikigawanywa kwa 2 jibu lilikuwa 3. Katika toleo la 3 jibu ni 3.5. Chama kilichogawa ziada kwa skripti ya zamani kingeweza kupata majibu mawili tofauti kutokana na maagizo yale yale, bila ya onyo lolote. Ndiyo sababu kila skripti hujaribiwa kwanza kwa hesabu ambayo jibu lake limekwisha kujulikana katika daftari.

Kwa ufupi, ofisi yenye Windows na kazi za mafaili itosheke na PowerShell. Yenye hesabu nyingi za mazao ichague Python. Bash ibaki kwa wenye Linux. Chama kidogo kishike lugha moja tu, na watu wasiopungua wawili wajifunze.

Kabla ya kuidhinisha skripti yoyote, kamati ihakikishe mambo matatu. Ijaribiwe juu ya nakala, si juu ya kumbukumbu halisi. Neno la siri lisiandikwe ndani yake. Na maelezo yake yawe kwa Kiswahili: katika Bash, PowerShell na Python, mstari unaoanza na alama ya # kompyuta huuruka, nao umewekwa kwa ajili ya msomaji. Hapo mwandishi aeleze kila hatua inafanya nini na kwa nini.

Daftari la chama liliaminiwa kwa sababu mwanachama aliyekuwa na shaka aliweza kuonyeshwa mstari wake. Skripti nayo lazima ipite mtihani huo huo. Ikiwa katibu hawezi kumweleza mwanachama, wala mkaguzi wa hesabu, jinsi kilo zilivyogeuka kuwa shilingi, basi skripti hiyo haijafaa kutumika, hata kama inafanya kazi kwa kasi namna gani.