Likasi: kompyuta mpya ya plastiki ao ya zamani yenye mifupa ya chuma?

Mwanafunzi wa Likasi aliyeweka dola zake kidogo kidogo ili anunue kompyuta ya kubeba anaweza kujikuta mbele ya mashine mbili za bei inayokaribiana. Moja ni mpya, nyepesi, inang'aa, ingali ndani ya karatoni. Nyingine ni nyeusi, nzito kidogo, imekwisha kutumika miaka kadhaa ofisini huko Ulaya. Ni ipi itakayomfikisha mwisho wa masomo?

Wauzaji hutaja kwanza nguvu ya mashine. Lakini uimara unaonekana mahali pengine.

Tazama bawaba

Bawaba, yaani vyuma vinavyounganisha kioo na kibodi, huteseka kila siku. Katika mashine nyingi za bei ya chini, skrubu zake zimeshikwa ndani ya plastiki. Ukizoea kufungua kwa kuvuta kona moja, plastiki inachoka, halafu inapasuka.

Mashine za ofisi kama ThinkPad, Latitude ya Dell ao EliteBook ya HP mara nyingi zina mifupa ya magneziamu ao alumini. ThinkPad ilianzishwa na IBM mwaka 1992, kisha ikaingia mikononi mwa Lenovo mwaka 2005. Nyingi kati yake zina kibodi yenye njia za kutolea maji yakimwagika.

Apple nayo, tangu mwaka 2008, inachonga gamba la MacBook kutoka kipande kimoja cha alumini. Ni gumu kweli. Lakini katika MacBook za sasa, memori imeunganishwa moja kwa moja na mashine: huwezi kuiongeza baadaye.

Na maandishi «MIL-STD-810» je? Hicho ni kipimo cha jeshi la Marekani cha joto, vumbi na mtikisiko. Kampuni yenyewe huchagua majaribio ya kufanya, kwa hiyo si ahadi kwamba mashine haitavunjika.

Kabla ya kutoa pesa

Ya zamani pia ina mitego yake. Betri inaweza kuwa imechoka, na mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara, hilo ni tatizo kubwa. Tena, Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11.

Kwa hiyo, ukiwa dukani:

- Fungua na kufunga kioo polepole. Sikiliza kama kuna mlio wa plastiki.
- Inua mashine kwa kushika kona moja: je, inajipinda?
- Bonyeza katikati ya kibodi: je, inazama?
- Tikisa kidogo waya wa chaja: je, moto unakatika?
- Itumie bila chaja nusu saa.
- Hakikisha haina neno la siri la kampuni iliyoitumia zamani.
- Uliza kama betri na memori zinabadilishwa.

Ikipita majaribio hayo, ile nyeusi nzito mara nyingi itamfaa mwanafunzi kuliko ile inayong'aa.

Jambo moja zaidi. Betri nyingi za kompyuta zina kobalti, na inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Madini yanaondoka Katanga kwa malori, yanarudi ndani ya karatoni. Tunapoyanunua tena, angalau tununue kitu kitakachodumu.